Walitaka Maneno Yabaki Mabichi

Redio ilipotangaza, nilikuwa kwenye mashine ya kukamua alizeti hapa Ikungi, nasubiri zamu yangu. Mtangazaji akasema watayarishaji wa vipindi vya televisheni wanakuja Singida mjini kuwaeleza vijana jinsi vipindi vinavyotengenezwa, toka wazo mpaka mtu anakiona kwake sebuleni. Kiingilio bure. Halafu wakamweka mmoja wao aongee kidogo, nikaijua sauti. Ni yule yule aliyekuja kwetu na kamera. Nikamwomba mwenye mashine anitunzie magunia, nikaenda kutafuta gari.

Mimi nilitolewa shimoni. Huku kwetu wengi wananijua hivyo, "yule aliyetolewa shimoni", hata wasiomjua baba yangu. Tulikuwa wawili chini, mimi na mdogo wangu, kwenye machimbo ya dhahabu, duara likaporomoka. Duara ndiyo shimo lenyewe, sisi wachimbaji tunaliita hivyo. Mimi nilifukuliwa nikiwa hai, mguu wa kushoto umesagika. Mdogo wangu alitolewa ndani ya turubai.

Sasa ubaya wenyewe ni huu. Mwenye duara aliwaambia polisi na kijiji kizima kwamba tuliingia kwa wizi. Eti ilikuwa siku ya mapumziko, yeye hakumtuma mtu, tukajishusha wenyewe kwenda kuiba mawe yake. Ni uongo. Alitutuma yeye. Na kabla ya hapo alikuwa ameng'oa matimba, yaani yale magogo yanayoshikilia kuta za shimo zisianguke, akayapeleka kwenye duara lake jipya, akasema hili la zamani kuta zake zimekauka, halina neno. Sisi wakati wa kushuka tuliona mapengo. Lakini ukishatumwa unashuka, kwa sababu nyuma yako kuna foleni ya watu wanaotaka kushuka.

Amri ile hakutupa sisi moja kwa moja. Alimpa mzee wa winchi, yule anayezungusha mkono wa chuma na kutushusha kwa kamba. Mzee wa winchi ndiye aliyesikia "washushe hao wawili", na ndiye aliyeona magogo yakipakiwa kwenye trekta. Mimi nikisema, watu wanasema, huyu anajitetea, na mwizi siku zote anajitetea. Yeye angesema, ingekuwa neno la mtu aliyesimama juu, kwenye mwanga, asiye na ndugu ndani ya lile shimo.

Mwanzoni aliogopa. Alikuwa anakula kwa mwenye duara. Baadaye akamwendea shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu, akamwambia, "Mama, nitasema siku ya kuanua matanga." Kwetu siku hiyo, kabla watu hawajatawanyika, ukoo unakaa uwanjani na mkubwa anauliza: mwenye neno lolote juu ya marehemu alitoe sasa. Lililosemwa pale limesemwa, kila mtu anaondoka nalo. Ambalo halikusemwa, ukija nalo baadaye, unaulizwa siku ile ulikuwa wapi.

Siku chache kabla ya kuanua matanga, mtayarishaji akaja. Hakuja na kamera, alikuja na daftari na maji yake ya chupa. Simsingizii, alikuja na adabu. Alitoa shikamoo kuanzia kwa baba mdogo, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo wetu sasa, mpaka kwangu niliyelala kwenye mkeka. Alikula ugali na mlenda, akaomba kuongezewa. Akasema amesikia habari zangu na anataka kuzifanyia kipindi.

Mzee wa winchi naye alikuwepo. Akaona hapa ndipo pa kuanzia. Akakohoa, akasema, "Asubuhi ile mwenye duara alikuja, akanikuta nakaza kamba..."

Mtayarishaji akainua mkono. "Hapo hapo, mzee wangu. Usiyamalize."

"Kwa nini, mwanangu? Nimekosea?"

"Hujakosea. Mtu akisimulia mara ya kwanza, hata macho yake yanasimulia. Mara ya pili anakuwa anakariri. Mimi nataka maneno yabaki mabichi. Hata hapo kwenye matanga yaache. Wiki ijayo naleta kamera, utayasema yote, yasikike Tanzania nzima."

Mzee wa winchi akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu anayepima mzigo, akasema Tanzania nzima ni kubwa kuliko uwanja huu.

"Na sisi wa uwanja huu?" Shemeji aliuliza akiwa jikoni, kupitia dirishani.

"Mama, na nyie mtaona kwenye televisheni," mtayarishaji akamjibu, na watu wakacheka.

Basi matanga yakaanuliwa. Baba mdogo akauliza swali lake, mwenye neno alitoe. Akauliza tena. Mzee wa winchi alikuwa anaangalia kandambili zake. Mwenye duara alikuwa amekaa upande wa wageni wa heshima, ameshika kikombe cha togwa, na lile swali lilipopita bila jibu, alikunywa. Nilimwona. Watu wakaondoka na kile walichokuja nacho, kwamba ndugu wawili waliingia kwa wizi.

Kamera ilikuja kweli, tena mbili. Mzee wa winchi walimkalisha kwenye kigoda karibu na zizi, akasema yote. Amri, trekta, magogo. Alilia. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, wengine wamezuiwa mbali wasiingilie sauti, nikasikia kila neno, nikasema moyoni, sasa imekwisha.

Kisha kikatoka kipindi. Tulikusanyika kwa baba mdogo mwenye televisheni ya sola, watu wengine wamesimama nje. Kilikuwa kinanihusu mimi. Muziki wa huzuni, mguu wangu, mimi nasali, mimi natembea na magongo nikielekea shambani, jambo ambalo wao ndio walionituma nilifanye, maana shamba langu lilikuwa limeshavunwa. Mzee wa winchi akatokea mara moja tu, akasema alizungusha winchi mpaka mikono ikachubuka, basi. Mwenye duara akatokea pia, amevaa kofia safi, anashukuriwa kwa kutoa mafuta ya mashine iliyotufukua. Na mwanzoni kabisa ile sauti nzuri ya msimulizi ilisema: "Ilikuwa siku ya mapumziko ndugu wawili waliposhuka shimoni." Hawakusema tumeiba. Waliacha tu hapo.

Kuanzia siku ile watu wakipinga, wanajibiwa, hata televisheni imesema. Binti wa mdogo wangu shuleni wakawa wanamwita mtoto wa mwizi. Alirudi siku moja akasema hataki tena kuitwa kwa jina la baba yake kwenye mahudhurio. Mzee wa winchi yeye kifua chake kilimzidi, masika yaliyofuata tukamzika. Kwa hiyo neno lake likabaki sehemu moja tu duniani, kwenye mashine za wale watu. Hilo ndilo nililolifuata Singida mjini. Sikufuata kingine.

Ukumbi ulijaa vijana na simu zao. Nilikaa nyuma, mguu nimeunyoosha. Mbele walikaa watayarishaji watatu na afisa utamaduni, yule wetu akiwa katikati. Walizungumza vizuri, lazima niseme. Walieleza kwamba kipindi hakianzi na kamera, kinaanza na mtu. Kwamba unamtafuta mtu mmoja ambaye mtazamaji atamhurumia, wengine wote unawapunguza. Kwamba ukiweka mambo mawili kwenye kipindi kimoja, mtazamaji anabadilisha stesheni. Kijana mmoja akauliza, je, kama yale mambo mawili yote ni ya kweli? Yule wetu akasema, "Ukweli ni mwingi, kaka. Dakika ni chache." Wakaandika.

Akasema pia lile lake la maneno mabichi. "Kosa kubwa mnalofanya, mnakaa na mhusika mnapiga stori mpaka anamaliza kila kitu, kamera ikiwaka hana jipya. Mzuieni. Mwambieni asimwambie mtu." Akalisema kama mtu anayefundisha kupanda kwa mistari. Nikaangalia vile vichwa vyote vinavyoinama kuandika, nikawaza ni nyumba ngapi zitakazoambiwa zisiseme.

Halafu akasema atawaonyesha mfano wa kazi yake. Pazia jeupe likawaka, nikajiona na magongo yangu. Hakujua kama nipo. Akaenda mbele mpaka kwa mzee wa winchi kwenye kigoda chake, akasimamisha picha.

"Huyu mzee alikuwa anaongea vizuri sana," akasema. "Lakini kuna sehemu wakili wa kituo alituambia itatuletea kesi, alikuwa anamtaja mtu. Tukaikata. Sasa ukikata maneno, sauti inabaki na tundu. Unaliziba na nini?"

Vijana wakasema muziki. Akatikisa kichwa.

"Na kimya. Kila mahali pana kimya chake. Ndiyo maana kabla hatujaondoka eneo, tunawaambia watu wote wanyamaze, tunarekodi kile kimya. Ndicho kiraka. Sikilizeni mtaona hamwezi kujua pamekatwa wapi."

Akakicheza. Upepo kidogo, jogoo mbali huko. Vijana wakapiga makofi maana kweli hapakujulikana.

Kile kimya nakikumbuka. Walisema, jamani tunaomba wote mnyamaze kidogo, mtu asitikisike. Sisi tulidhani wanamheshimu marehemu. Wanaume walivua kofia. Shemeji alipiga magoti pale alipokuwa. Kilipoisha, baba mdogo akasema amina, na Waislamu waliokuwepo wakaitikia amina, na mtayarishaji akasema asanteni sana, tumepata. Tulimnyamazia mdogo wangu, wao wakachukua kile kimya kumzibia mtu aliyemuua.

Nikasimama. Afisa utamaduni akasema, "Mzee, maswali mwisho."

"Mimi si swali. Mimi ndiye huyo mwenye magongo."

Ukumbi ukageuka. Mtayarishaji akanitambua, akatabasamu, akaja mpaka nilipo, na shikamoo yake vilevile. Akawaambia vijana, "Huyu hapa, shujaa wetu." Wakapiga makofi tena. Kuna waliosimama. Simu zikainuliwa.

Nikamwambia, "Nataka ile sehemu uliyoikata. Sitaki uionyeshe kwenye televisheni. Nipe tu, nikawasikilizishe watu wa kwetu."

"Mzee wangu, tutaongea nje."

"Tuongee hapa. Mzee yule amekufa. Wewe ulimwambia asiseme kwenye matanga. Akakusikiliza. Sasa nipe maneno yake."

Afisa utamaduni akaja akanishika bega, akasema muda hautoshi, wageni wana gari la kuwahi. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alisema kwa sauti, "Si ampe tu?"

Nje, kwenye kibaraza, mtayarishaji aliniambia bila kuzunguka. Haipo. Kamera zao zinatumia kadi, kadi ni chache, kipindi kikishatoka wanafuta kila kitu, wanaenda nazo kazi nyingine. Walichobaki nacho ni kile kilichoonekana.

"Kwa hiyo kimya mnacho."

"Ndiyo, kwa sababu kimo ndani ya kipindi."

"Maneno hamna."

"Hatuna, mzee. Ni utaratibu wa kazi, si ubaya."

Nilikaa kwenye ngazi. Naye akachuchumaa mbele yangu, akaanza kuongea haraka, macho yanang'aa. Akasema nimempa wazo. Sehemu ya pili. Wanamleta mwenye duara nyumbani kwetu, tunakaa naye uwanjani, mimi namsamehe. Nchi nzima italia.

"Atasema aling'oa matimba?"

"Hilo hatuliingii. Tunaanzia kwenye msamaha."

"Namsamehe nini sasa, kama hakuna alichofanya?"

Akafikiri. "Msamaha wa jumla," akasema.

Nilirudi nikawaambia nyumbani. Baba mdogo akasema tukubali, labda Mungu anafungua mlango, na wageni si watu wa kufukuzwa. Ndivyo alivyokuwa hata siku ile. Mtu akija na gari, yeye anaona ni serikali. Niligombana naye mpaka nikasimama kuondoka. Shemeji alikuwa anapepeta, hakuacha kupepeta.

"Waje," akasema.

"Shemeji, umesikia wanachotaka?"

"Nimesikia. Atakuja na yeye mwenyewe?"

"Atakuja."

"Basi waje."

Niseme mapema ili mtu asisubiri. Kipindi hicho hakijawahi kutoka. Mtayarishaji alinipigia simu akasema nimewaharibia kazi, na tangu hapo nikipiga hapokei. Nilikwenda polisi, wakaniuliza ushahidi uko wapi, nikasema uko kwa watu wa televisheni, wakasema uulete. Mwenye duara anachimba mpaka leo. Ni mtu mnene, ana duka la vifaa vya ujenzi barabarani na anachangia harambee, na jina lake ningeliandika hapa, lakini wanaonichapishia nao wana wakili. Basi nawataja kwa kazi zao. Mwenye duara aliyeng'oa matimba. Mtayarishaji aliyemziba mzee mdomo. Wakili wa kituo, ambaye sijawahi hata kumwona. Baba mdogo aliyetikisa kichwa kukubali.

Siku walipokuja, uwanja ulijaa. Kamera ikionekana watu hawabaki majumbani, kuna waliotoka hata Ihanja, wakakaa kwenye ukingo wa zizi, kwenye mawe, chini ya dirisha. Mtayarishaji akawapanga wasipite nyuma ya picha. Mimi na shemeji tukawekwa kwenye benchi, mwenye duara kwenye kiti kutukabili, na kofia yake safi.

"Mzee, ukiwa tayari, mtazame, umwambie kilicho moyoni," mtayarishaji akaniambia.

Nikamtazama. "Ulimwambia mzee wa winchi atushushe. Na matimba ulikuwa umeshayang'oa."

"Kata. Mzee wangu, si hivyo. Tulikubaliana msamaha. Tena."

Nikasema tena, vilevile. Akasema tena, labda nianze na salamu. Nikaanza na salamu, nikasema vilevile. Watu wakaanza kunong'ona. Mtayarishaji akajifuta jasho, akanisogezea kipaza sauti kidogo kilichobanwa kwenye shati, kama vile tatizo lilikuwa pale. Akasema mara hii nitumie maneno machache. Nikatumia machache: "Ulitutuma. Matimba hayakuwepo."

Mwenye duara alikuwa anatabasamu mpaka hapo. Akamwambia mtayarishaji, "Huyu shimo lilimharibu kichwa. Mwacheni."

Hapo ndipo shemeji akaongea. Hakupaza sauti, kwa sababu yule mtu alikuwa karibu naye, kama mtu unayemuuzia kuku.

"Bosi, mimi sikuulizi mambo ya kutuma. Nakuuliza magogo tu. Yale magogo yaliyopakiwa kwenye trekta ni ya nani?"

"Magogo gani?"

"Ya lile duara la zamani. Watu wanasema yaliibwa. Kama mume wangu ndiye aliyeyaiba niambie, nikuombe radhi mbele ya watu hawa."

Mwenye duara akavuta kiti. Neno la kuibiwa lilimgusa mahali pake. "Nani aibe? Yale magogo ni yangu, mama. Nimeyakata kwa kibali changu, nimeyasafirisha mimi. Nikiyatoa hapa nikayapeleka pale, nani wa kuniuliza?"

"Kata," mtayarishaji akasema.

Lakini alimwambia mwenye kamera. Wale wa kwenye zizi hakuwa na jinsi ya kuwakata. Baba mdogo, ambaye muda wote alikuwa amekaa na wageni, akainuka na fimbo yake, akasogea. "Bosi, sikukusikia vizuri. Uliyatoa lini?"

Mwenye duara akaangalia watu, nadhani ndiyo mara ya kwanza aliwaona. Akasimama, akaenda kwenye gari la wale wa kamera, akaingia, akapandisha kioo.

Walifungasha nyaya bila kuaga vizuri. Mtayarishaji alinivua kile kipaza sauti mwenyewe, akasema hana kipindi hapa, hana mwanzo wala mwisho. Gari likaondoka.

Watu hawakutawanyika. Mama mmoja wa Ihanja, simfahamu vizuri, aliteremka kutoka ukingo wa zizi, akatikisa vumbi kwenye kanga, akaenda mpaka kwenye benchi. Akamshika shemeji mkono, akamwambia, "Pole kwa kufiwa na mumeo." Nyuma yake akaja mwingine, na mwingine, wakawa wanampa pole kama vile amefiwa jana.